Vidole Viwili na Kahawa ya Kaijage

Vijana mnaokuja kwangu na bandeji mkononi na karatasi ya daktari mfukoni, mkakaa pale kwenye benchi mkijifanya mmekuja kunisalimia tu, mimi nawajua. Mmekuja kuniuliza kama mdai fidia au mnyamaze. Jibu langu nalitoa kabla sijawakaribisha chai: daini. Mkishadai ndipo tutazungumza habari za adabu, za undugu, za kazi itakayopotea na za bosi atakayenuna. Ukianza na hayo hutadai kamwe. Nimewaona wengi walioanza na hayo, wakazeeka nayo.

Mnaniuliza mimi kwa sababu ya mkono huu wa kulia. Kidole cha shahada hakipo, cha kati kimebaki kipande. Nilikuwa na miaka ishirini na minne vilipokatika, wakati wa Mwingereza, na tangu hapo nimejifunza upya mambo ambayo mtoto wa miaka mitatu anayajua. Kufunga vifungo vya shati. Kushika kalamu. Kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, vikiwa vya moto, kwa vidole vitatu bila kuviangusha mbele ya wakwe, huo ni ufundi ambao hakuna shule inayoufundisha. Mkono wa kushoto upo mzima, lakini mama yangu alikuwa ananitazama tu nikiunyoosha kwenye sahani, nami naurudisha.

Nimekuwa fundi wa mitambo ya kahawa zaidi ya miaka thelathini, na nilianzia kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa pale Bukoba karibu na ziwa. Kiwanda chenyewe hakipo tena, wenyewe walikwenda zao, na sitawatajia jina kwa sababu sitaki kuwafanyia heshima hiyo. Ninyi leo kila mashine ina mota yake na swichi yake, na mikanda imefunikwa kwa wavu wa chuma. Sisi tulikuwa na injini moja tu mwisho wa jengo. Injini hiyo ilizungusha shafti ndefu iliyopita juu ya vichwa vyetu, na kila mashine ilivuta nguvu yake kutoka kule juu kwa mkanda wa ngozi. Mkanda ukiruka kwenye puli, mashine inasimama. Hapo mtu mwenye akili angezima injini, aurudishe mkanda, awashe tena. Lakini kuiwasha injini ile ilikuwa shughuli: kichwa chake kilipashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha watu wawili wakalivuta gurudumu huku wakimtaja Mungu, kila mmoja wa dini yake. Kwa hiyo haikuzimwa. Mkanda ulirudishwa huku shafti inazunguka.

Aliyenifundisha kuurudisha ni Mzee Saidi, mzaliwa wa mtaa wa Miembeni pale mjini, ambaye baba yake alifika Bukoba na wafanyabiashara kutoka pwani. Sisi Wahaya Kiswahili tulikipata shuleni, tunakivaa kama viatu vya Jumapili. Yeye alikitembelea pekupeku. Alikuwa na kijiti chenye panda mwisho wake, alichokichonga mwenyewe, na ndicho alichotumia kuusukuma mkanda ukapanda puli. Unasimama ubavuni, husimami mbele. Unausukuma kwa upande unaoingia, husukumi kwa upande unaotoka. Miguu umeitanua, mikono ya shati umeikunja mpaka juu ya kiwiko, na kama una rozari au hirizi shingoni unaivua kwanza.

"Mkanda hauna jamaa," aliniambia. "Haujui wewe ni mtoto wa nani wala umeoa lini."

Juma langu la kwanza niliufunga mkanda wa mashine ya kupepeta nikaupindisha, ukafanya umbo la nane. Sikujua kwamba mkanda uliopindwa hivyo unazungusha puli kinyume. Feni iliyotakiwa kuyatoa makapi nje ikayarudisha ndani, na ndani alikuwa amesimama meneja, Mzungu mmoja mrefu mwenye kaptula nyeupe na soksi nyeupe mpaka magotini. Alipotoka kwenye lile wingu hakuwa mweupe popote. Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja, "upesi", na siku ile alilisema mara nyingi sana. Ndiyo maana tulimwita Bwana Upesi. Mzee Saidi alicheka mpaka akakaa kwenye gunia, kisha akanionyesha jinsi ya kuufunga mkanda tena, taratibu, bila kunitukana. Fundi anayecheka kwanza halafu akafundisha, mshikeni sana.

Mzee Saidi alichechemea. Miaka ya nyuma puli ililegea kwenye shafti ikamwangukia mguuni, vidole vitatu vikaondoka. Nilimuuliza walimpa nini.

"Blanketi," alisema. "Na lenyewe fupi. Nikifunika mabega, mguu ule ule waliouvunja unabaki nje."

Wakati wake haikuwapo sheria ya kumsaidia. Wakati wangu ilikuwapo, mpya kabisa, na aliyenieleza ni yeye, mtu ambaye haikumfaa kitu. Ilisema mfanyakazi akiumia kazini mwajiri wake amlipe, isipokuwa mtu aliyejiumiza kwa ukaidi wake mwenyewe. Hayo maneno ya mwisho myaweke akilini, kwa sababu ndimo walimotaka kunizika.

Basi ilikuwa Jumamosi. Binamu yangu alikuwa anaoa Kamachumu, nami nilikuwa nimeomba ruhusa ya kutoka saa sita. Nilinawa, nikavua nguo za kazi, nikavaa kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi na kutiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Wenzangu walikuwa wamekwisha kutoka kwenda kula. Mzee Saidi alikuwa nyumbani na homa. Injini iliachwa inazunguka ili kumaliza magunia machache, kwa sababu meli ilikuwa inangoja shehena. Nilikuwa nimefika getini niliposikia naitwa.

Aliyeniita ni Kaijage, mnyapara wetu. Alikuwa mtu wa Kamachumu, mpole kwa kawaida yake, mwenye watoto watano.

"Petro, mkanda wa mashine kubwa umeruka."

"Waitu," nilimjibu kwa heshima, "nimevaa kanzu."

"Ni dakika moja. Bwana yuko ofisini, asije akakuta imesimama."

Nikarudi. Nawaambia ukweli wangu wote, na wa kunihukumu anihukumu: nilijua sipaswi. Niliukunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko kama nilivyofundishwa, nikachukua kijiti, nikasimama ubavuni. Lakini nguo yenye wanga haikai mahali ulipoikunjia. Nilipoinua mkono ikakunjuka, ikateleza mpaka kwenye kiganja, mkanda ukaidaka, na vidole vikafuata. Kaijage alirukia ubao akausukuma mkanda mzima ukatoka kwenye puli. Asingefanya hivyo ungeondoka mkono mpaka begani. Aliniita yeye na aliniokoa yeye, yote mawili ni kweli, nami sijawahi kulifuta moja kwa sababu ya jingine.

Hospitali ya serikali walinitunza vizuri. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyenifunga kidonda, aliniuliza nimeumiaje, nikamweleza kama ilivyokuwa, kwamba nilikuwa getini nikaitwa, naye akaandika. Wakati ule sikujua faida ya kalamu yake. Nanyi msimwambie daktari kwamba mmeanguka bafuni ili kumfichia bosi aibu. Daktari ataandika bafuni, na bafu halina fidia. Nilipopata nafuu nikapelekwa kwetu Buganguzi nipone vizuri.

Wiki ya tatu likaja lori la kiwanda mpaka kwenye njia ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Alishuka Kaijage, ndugu yake mmoja, na mzee wa ukoo wao. Walileta vibuyu viwili vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Baba yangu alipoiona kahawa akatandika mkeka bila kuuliza neno.

Niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu mgeni anapewa kahawa ya kutafuna kama vile wengine wanavyotoa maji ya kunywa. Lakini kahawa inayoletwa na mtu aliyekukosea, ikaja na wazee na pombe, hiyo ni nyingine. Anasema kosa lake waziwazi, mnatafuna pamoja, na ugomvi unakwisha. Na mmoja wenu akimgeuka mwenzake baadaye, akasema uongo juu ya jambo lile, tumbo litamvimba. Mchungaji alitukataza kuamini habari za tumbo. Tulimwitikia amina, tukaendelea kuogopa.

Kaijage aliongea akiwa amepiga magoti mbele ya baba.

"Tata, mimi ndiye niliyemwita Petro. Alikuwa ameshafika getini. Alinionyesha kanzu yake, nikamwambia ni dakika moja. Nimekuja kusema kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alilia. Nami nililia, sioni aibu. Tukatafuna, tukanywa, na mzee wa ukoo wao akasema, "Basi neno hili halitoki kwenye nyumba hii." Baba akajibu, "Limekwisha."

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kanzu. Kila Mhaya angelifanya, na angejisifu kwa adabu. Nilitafuna kahawa bila kuuliza nani ametoa lori.

Niliporudi kazini baada ya kama miezi miwili walinipa ufagio nifagie makapi. Nikaenda ofisini kwa karani, kijana mwenzetu aliyekunywa chai yake kwa kidole cha mwisho kimesimama, nikamwambia nimekuja kuuliza habari za fidia. Akaniangalia kama niliyeomba kiti cha Bwana Upesi.

"Fidia ya nini? Ulijiingiza mwenyewe kwenye mtambo, umevaa kanzu, saa za kazi zimekwisha kwako. Mnyapara ameandika hivyo."

Akanionyesha karatasi. Walidhani siwezi kuisoma, lakini shule ya misheni ya Kamachumu ilikuwa imenichapa mpaka nikajua. Iliandikwa kwamba niliingia kwa hiari yangu bila kuitwa na mtu. Chini ilikuwa sahihi ya Kaijage. Aliitia siku mbili baada ya mimi kuumia, yaani kabla ya kuja kwetu na vibuyu.

"Na isitoshe," karani akaendelea, "nilimshauri Bwana atoe lori na mafuta mkapatane kwa mila zenu. Mmekunywa, mmemaliza. Unataka nini tena?"

Nilikasirika hasira ambayo sijaipata tena maishani. Si kwa sababu ya vidole. Vidole vilikwenda kwa bahati mbaya na haraka ya watu. Nilikasirika kwa sababu walikuwa wamechukua kitu chetu cha ndani, cha mkekani, wakakitumia kama gunia la kuzibia tundu. Nilimfuata Kaijage kwenye ghala.

"Ulitia sahihi?"

"Nina watoto watano, Petro."

"Na kahawa uliyoleta?"

"Kahawa ilikuwa ya kweli," alisema, na hakuweza kunitazama. Nilimwamini, na kumwamini kukaniongezea hasira.

Nikaenda Buganguzi kumwambia baba nataka kudai. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile yalikuwa makali.

"Mtu hauzi kidole chake. Ukipokea hela ya kidole, utanunua nayo nini utakachoweza kukila?"

"Tata, sikuuza. Anayeuza hupanga bei. Mimi nilichukuliwa."

"Tumetafuna kahawa ya Kaijage. Nimesema limekwisha, na mimi si mtu wa kusema mara mbili."

"Limekwisha kati yangu na Kaijage. Kampuni haikupiga magoti hapa. Haikutafuna."

"Imemtuma yeye."

"Imemtuma kwa sababu yeye ana tumbo. Kampuni haina tumbo, tata. Itavimba wapi?"

Sikumshinda, baba hakuwa mtu wa kushindwa. Baadaye akasema, "Maneno aliyoyasema Kaijage hapa usiyatoe nje. Aliyasema kwenye nyumba yangu. Ukiyatoa, usirudi."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kazini tulikuwa wawili tu siku ile, mimi na Kaijage. Bila maneno yake ilikuwa neno langu, neno la mfagia makapi, dhidi ya karatasi yenye sahihi ya mnyapara. Nikiyatoa nampoteza baba. Nisipoyatoa nabaki nimeandikwa mkaidi aliyejikata mwenyewe, na karatasi ile itakaa kwenye sanduku lao nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Wengine watawaambia suala la fidia ni hela. Mimi kilichoniuma ni kwamba waliniandika uongo, na kwamba kesho mwingine ataitwa arudi kutoka getini kwa sababu mimi nilinyamaza.

"Sitayatoa," nikamwambia baba. "Atayatoa mwenyewe."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilipoaga aliniwekea mkononi kifurushi cha kahawa, ile anayoichemsha mwenyewe na majani ya kunukia na kuianika.

"Wanaume wa nyumba hii mmetafuna ya watu," alisema. "Sasa peleka ya kwetu."

Nilipofika mjini nilimkuta Mzee Saidi barazani kwake Miembeni, mguu ameunyoosha. Nilimwambia naogopa. Nilitegemea anipe moyo, lakini alinipa kazi. Alinituma hospitali nikaombe dresa aandike tena yale niliyomweleza siku ya kwanza. Alinituma nikaitafute ile kanzu, ambayo nilitaka kuichoma, nikaikunja na damu yake nikaihifadhi. Kisha akanipeleka mwenyewe bomani, akichechemea, tukaandikisha dai.

"Wakikupa blanketi," alinionya, "lipime kwanza."

Afisa wa kazi alikuja kwa meli kutoka Mwanza. Tuliitwa kwenye chumba kimoja pale bomani: afisa na mkalimani wake, Bwana Upesi, karani, Kaijage, na mimi. Karani alisoma karatasi yake kwa sauti nzuri. Afisa alisoma ya dresa, akaitazama kanzu. Kisha akamwuliza Kaijage kama alichoandika ni kweli.

Kabla hajajibu nilisimama nikaomba ruhusa. Nilimwambia mkalimani kwamba kwetu mambo mazito hayasemwi kinywa kikiwa kitupu, na kwamba nimeleta kahawa ya mama yangu. Mkalimani hakuwa mtu wa Bukoba. Alieleza kama alivyoweza, na afisa, sijui kwa udadisi au kwa uchovu, akakubali.

Nikafungua jani. Nikampa afisa kwanza, kwa kuwa ni mgeni. Alitafuna kama anayemeza kwinini, akashukuru. Nikampa mkalimani, akachukua. Nikampa Bwana Upesi, akatikisa kichwa. Karani alitazama dirishani. Nikafika kwa Kaijage, nikanyoosha mkono huu huu wenye vidole vitatu.

Hakuchukua. Alikitazama kile kiganja, punje mbili ndani yake, muda mrefu hata mkalimani akaanza kukohoa. Nilikuwa nimemwahidi baba, na midomo yangu niliibana. Moyoni nilikuwa najiambia kwamba akikataa nimekwisha, na akichukua amekwisha yeye, na kwamba hata hivyo mkono siurudishi.

Akachukua. Akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Nilimwita mimi," alisema. "Alikuwa getini. Alisema amevaa kanzu, nikasema ni dakika moja."

Karani akaruka. "Mnyapara, uliandika mwenyewe hapa."

"Niliandika kwa kuogopa. Sasa nimetafuna."

Bwana Upesi akauliza kwa Kiingereza tunakula nini na kinahusu nini mtambo. Hakuna aliyemjibu, hata karani, ambaye Kiingereza hakikuwahi kumwishia siku nyingine. Afisa aliandika kwa muda, akamwuliza Kaijage maswali mengine mawili, akaandika na hayo. Kisha akasema mtu aliyeitwa na mkubwa wake arudi kazini hakujipeleka.

Fidia ililipwa. Msiniulize kiasi gani, haikutosha, na yenu pia haitatosha. Karatasi ya uongo iliandikiwa nyingine juu yake, na hiyo ndiyo niliyoitaka. Baba hakusema neno juu ya hela zile mpaka anakufa, ila nilisikia kwamba kwenye misiba alikuwa anawasimulia wazee habari za kampuni isiyo na tumbo, na kwamba katika masimulizi yake maneno hayo aliyasema yeye.

Sasa mnadhani nimemaliza na mnataka kuondoka na furaha yenu. Kaeni. Jumamosi iliyofuata Kaijage alifukuzwa kazi. Hakupewa notisi wala barua, aliambiwa tu akabidhi funguo. Mke wake, Ma Adelina, alikuja kwenye chumba changu Miembeni akasimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Mlitafuna mkapatana," aliniambia. "Haya, Petro. Watoto wangu watatafuna nini?"

Iliniuma kuliko mkanda, na ninawaambia mapema ili msije mkasema mzee alificha: ukidai, kuna mtu mwingine atakayelipishwa, na mara nyingi ni yule aliyekusemea kweli. Watu watakuja kukuambia ni wewe uliyemponza. Nami nilijiambia hivyo siku nne nzima, sili vizuri, nafagia makapi nikitazama chini. Siku ya tano nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Nani amemfukuza? Si mimi. Nilikuwa nimeanza kuibebea kampuni mzigo wake, na mkono wenyewe mbovu.

Nikapanda basi mpaka Kamachumu. Nilimkuta Kaijage kwenye kibanja chake anapogoa migomba kwa hasira, anakata hata majani mazima.

"Afisa anarudi kwa meli ijayo," nilimwambia. "Twende bomani."

"Kudai nini? Mimi sina hata mchubuko."

"Umefukuzwa bila notisi kwa sababu ya kusema kweli mbele ya serikali. Hilo nalo lina mlango wake."

"Mimi nilikuwa mnyapara, Petro. Nikasimame kwenye mstari na vibarua niliokuwa nawaita kwa filimbi?"

"Watakupisha. Wanakujua."

Hakucheka. Alikata jani jingine. Lakini meli ilipokuja alikuwa mjini, amevaa koti lake la kanisani, na tukapanda pamoja kwenda bomani. Vibarua walikuwa wengi pale nje, wengine wa kiwandani kwetu, na walipotuona tunakuja, yule aliyeumizwa na yule aliyemwita, walitupisha wote. Kaijage akasimama kwenye ngazi.

"Watasema tumezoea kudai," alininong'oneza.

"Bado," nikamjibu. "Hii ni mara ya pili tu. Ingia."